Sikio Nalo Lina Deni

Kiswahili kina kauli ya kutendeka, na kauli hiyo ni hodari wa kumficha mtendaji. Kikombe kimevunjika, haisemwi nani kakivunja. Njia haipitiki, mlango haufunguki, mzigo haubebeki: jambo limeshindikana, na aliyeshindwa hatajwi. Ndiyo maana neno "haeleweki", linaposemwa juu ya mtu azungumzaye Kiingereza kwa lafudhi ya Mombasa, Manila au Bukavu, huwa ni hukumu iliyotolewa kabla ya kesi kusikilizwa. Kutoeleweka kunageuzwa kuwa sifa ya msemaji, kama kimo chake au rangi ya macho yake. Swali ambalo kwa haki lingetangulia haliulizwi kamwe: haeleweki kwa nani? Na huyo asiyeelewa amefanya juhudi gani ya kuelewa?

Kueleweka ni kazi ya watu wawili, mmoja akitoa sauti na mwingine akiipokea, na kazi ya wawili ikiharibika si haki kumtoza mmoja. Lakini katika biashara kubwa ya Kiingereza duniani, biashara ya mitihani, viza, usaili na kozi za kurekebisha matamshi, mzigo wote umetwikwa kinywa cha mgeni. Sikio la mzawa limesamehewa. Halifundishwi, halipimwi, halilaumiwi. Huo ni upendeleo uliovikwa vazi la isimu, na umefika wakati uvuliwe.

Mfano wa kesi moja unatosha kuonyesha gharama yake. Mwaka 1981 Mfilipino mmoja aliomba kazi ya ukarani katika idara ya leseni za magari mjini Honolulu. Alikuwa mtu mzima aliyesomeshwa kwa Kiingereza katika nchi ambayo Wamarekani wenyewe ndio walioipelekea lugha hiyo mashuleni. Katika mtihani wa kuandika, uliofanywa na watu zaidi ya 700, alishika nafasi ya kwanza. Kisha akaitwa kwenye usaili wa dakika chache, na kazi akanyimwa kwa sababu wasaili waliiona lafudhi yake kuwa nzito mno. Alishtaki, akashindwa. Mwaka 1989 mahakama ya rufani ya shirikisho ikaukubali uamuzi wa kumnyima kazi, kwa hoja kwamba karani wa dirishani hushughulika na umma, na mawasiliano mazuri ndiyo kazi yenyewe. Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo alitoa ushahidi mahakamani kwa Kiingereza chake, akaulizwa na akajibu, na mtaalamu wa isimu aliyefuatilia kesi alibainisha kwamba mawakili wa pande zote mbili hawakupata taabu ya kumwelewa. Alieleweka vya kutosha kushindwa kesi, lakini si vya kutosha kumuuliza mtu namba ya gari lake.

Tena umma upi huo? Honolulu ni mji ambao Wafilipino, Wajapani, Wachina na wenyeji wa Hawaii wamekaa pamoja kwa vizazi, kila kundi na namna yake ya kukisema Kiingereza. Katika foleni ya dirisha lile wangesimama wengi waliosema kama mwombaji yule, na wengi zaidi waliokua wakiwasikia majirani wasemao kama yeye. Sikio lililofanywa kipimo halikuwa la umma huo. Lilikuwa la wasaili wawili, na likaitwa umma.

Utafiti nao umekwisha kuionyesha kasoro ya kipimo hicho, na si utafiti wa jana. Mwaka 1995 Murray Munro na Tracey Derwing, watafiti wa Kanada, walichapisha kazi iliyotenganisha mambo matatu ambayo watu huyachanganya: uzito wa lafudhi, urahisi wa kumfuatilia msemaji, na kueleweka kwenyewe. Waliwachezea wasikilizaji wazawa wa Kiingereza sauti za wasemaji ambao lugha yao ya kwanza ni Kimandarini, wakawataka waandike walichokisikia. Sentensi nyingi ambazo wasikilizaji walizipa alama ya lafudhi nzito, hao hao waliziandika neno kwa neno bila kukosea. Kwa maneno mengine, mtu anaweza kuwa na lafudhi nzito na akaeleweka kikamilifu. Asemaye "ana lafudhi, kwa hiyo haeleweki" ameruka hatua ambayo ushahidi haumruhusu kuiruka.

Baya zaidi ni kwamba wakati mwingine lafudhi yenyewe haipo. Donald Rubin wa Chuo Kikuu cha Georgia aliripoti mwaka 1992 jaribio ambalo kila msaili angepaswa kulisoma kabla ya kuketi kitini. Wanafunzi walisikilizishwa mhadhara uliorekodiwa na mzawa wa Marekani. Baadhi yao walionyeshwa picha ya mwanamke mzungu, wengine picha ya mwanamke mwenye sura ya Kiasia, na wote wakaambiwa kwamba huyo ndiye msemaji. Sauti ilikuwa ile ile. Walioona uso wa Kiasia walidai kusikia lafudhi ya kigeni, na walipopimwa walikuwa wameelewa kidogo zaidi. Macho yalikuwa yamekwisha kuyaambia masikio nini cha kusikia. Mwanafunzi mwenye asili ya Pemba aliyezaliwa na kukulia London, anayeambiwa kwamba Kiingereza chake "ni kizuri sana", anaijua hali hiyo hata kama hajawahi kulisikia jina la Rubin.

Kisha kuna suala la kuaminiwa, ambalo ni zito kuliko la kueleweka. Mwaka 2010 Shiri Lev-Ari na Boaz Keysar wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwataka watu wapime ukweli wa kauli fupi, kwa mfano kwamba twiga anaweza kukaa bila maji kwa muda mrefu kuliko ngamia. Kauli zilisomwa na wazawa na wasio wazawa, na wasikilizaji walijulishwa kwamba msomaji anasoma tu maneno aliyopewa. Hata hivyo, kauli zilizosomwa kwa lafudhi ya kigeni zilionekana kuwa na ukweli mdogo zaidi. Kwa twiga na ngamia hasara si kubwa. Lakini mahali pa twiga pawekwe mwomba hifadhi anayesimulia jinsi alivyokimbia kijiji chake, au shahidi mbele ya jopo la wazee wa mahakama, au mama anayemwambia daktari kwamba mtoto hajapumua vizuri tangu usiku. Ugumu mdogo wa kusikiliza unageuka shaka, na shaka inageuka uamuzi.

Waulizwe basi watetezi wa lafudhi "safi": usafi huo ulitoka wapi? Mwaka 1917 Daniel Jones alitoa kamusi ya matamshi ya Kiingereza, na kielelezo alichokichukua kilikuwa usemaji wa familia za kusini mwa Uingereza ambazo wanaume wake walisomea katika shale kubwa za bweni za kulipia. Jones mwenyewe aliyaita matamshi hayo kwa jina la shule hizo. BBC, iliyoanza mwaka 1922, ikayafanya sauti ya taifa, na mwaka 1926 ikaunda kamati ya kuwashauri watangazaji namna ya kutamka. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia ilipomweka Wilfred Pickles, mtu wa Yorkshire, asome habari, malalamiko yalizuka kutoka kwa Waingereza wenyewe. Katika miaka ya 1970 mwanaisimu Peter Trudgill alikadiria kwamba waliosema kwa lafudhi hiyo walikuwa takriban asilimia 3 tu ya watu wa Uingereza. Hii ndiyo sauti ambayo vizazi vya wanafunzi wa Unguja, Tabora na Makerere vilifundishwa kuiona kuwa ni Kiingereza chenyewe. Ilikuwa sauti ya tabaka, ikasafirishwa kama sauti ya lugha.

Upo uwanja mmoja ambao ulilazimika kuacha mzaha huu, kwa sababu ndani yake kutoelewana huua. Ni uwanja wa anga. Tangu Machi 2008 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, linawataka marubani na waongozaji wa ndege za kimataifa wafikie angalau daraja la nne katika ngazi ya madaraja sita ya lugha. Katika daraja la sita, la juu kabisa, haikuandikwa kwamba msemaji awe na matamshi ya London au New York. Matamshi yanaweza kuwa na athari ya lugha ya kwanza au ya eneo la msemaji. Sharti ni kwamba karibu kamwe yasizuie kueleweka. Mwongozo wa shirika hilo unawagusa wazawa pia: wajichunge na nahau za kwao, wapunguze kasi, wajifunze kumsikiliza mgeni.

Si hayo tu. Katika mawasiliano ya redio ya ndege, neno la Kiingereza la tatu limeelekezwa litamkwe "tree" na lile la elfu "tousand", ili sauti ile ya "th" isipotee katika kelele za redio. Mtoto wa Tabora au Goma anayechekwa darasani kwa kutamka hivyo hivyo anatamka kama inavyoelekezwa kanuni ya marubani. Mwenzake wa Lamu, aliyekuzwa na "thelathini" na "themanini", huitoa sauti hiyo kwa wepesi ambao Mfaransa na Mjerumani huutafuta kwa miaka. Wote wawili wanaweza kueleweka. Anayewapanga kwa ubora amepima kitu kingine, si kueleweka.

Wasomaji wa Maskati na Dubai hawahitaji kuelezwa kwamba mzawa wa Kiingereza hayupo katika sehemu kubwa ya mazungumzo ya Kiingereza. Muuguzi kutoka Kerala humweleza dawa Mwomani mwenye asili ya Zanzibar, naye fundi wa maabara ni Mfilipino. Waomani waliorudi kutoka Afrika Mashariki baada ya 1970 walikuta Kiingereza cha shule za Unguja ni mtaji katika wizara na sekta ya mafuta, na walikitumia kwa lafudhi yao pamoja na Wahindi, Wapakistani na Wasudani wenye lafudhi zao. Mara nyingi katika chumba cha mikutano cha namna hiyo anayewatatiza wenzake ni yule mmoja kutoka Glasgow au Texas, anayemeza irabu, anayeunganisha maneno matatu yakawa moja, na anayetupa misemo ya michezo ambayo haichezwi Ghuba. Tessa Bent na Ann Bradlow walionyesha mwaka 2003 kwamba kwa msikilizaji asiye mzawa, msemaji mwenziwe asiye mzawa aliyebobea anaweza kueleweka sawasawa na mzawa. Na kwa makadirio ya David Crystal, kwa kila mzawa mmoja wa Kiingereza wapo wasio wazawa wasiopungua watatu. Wengi hawa ndio soko, na ndio wasikilizaji. Lakini kipimo kimebaki mikononi mwa wachache.

Watetezi wa kipimo hicho wana hoja moja yenye uzito, na haifai kuipita kando. Yapo matamshi ambayo kweli huvuruga maana, na mgonjwa hawezi kungojea nadharia iishe ndipo apewe dozi iliyo sahihi. Hilo ni kweli. Jawabu lake ni kuyatambua matamshi hayo kwa ushahidi, si kwa kuchukizwa. Jennifer Jenkins alifanya hivyo katika kitabu chake cha mwaka 2000 kuhusu fonolojia ya Kiingereza kama lugha ya kimataifa. Alichunguza mazungumzo ya wasio wazawa, akatafuta ni wapi hasa yalipokwama. Sauti za "th" hazikuwamo katika orodha ya yaliyo lazima. Miongoni mwa yaliyokuwamo ni urefu wa irabu, konsonanti zinazofuatana mwanzoni mwa neno, na mkazo mkuu unaoonyesha neno lipi ndilo kiini cha sentensi.

Kwa Mswahili, orodha hiyo ni habari njema. Urefu wa irabu anao tayari: asiyechanganya "kata" na "kataa", wala "kufa" na "kufaa", anaweza kufundishwa kutenganisha "live" na "leave" kwa kuanzia nyumbani kwake. Konsonanti zinazofuatana humsumbua, naye hupachika irabu katikati. Lakini Jenkins aligundua kwamba kuongeza irabu hudhuru kidogo kuliko kudondosha konsonanti. Linalohitaji kazi ni mkazo wa sentensi, kwa kuwa Kiswahili hulibeba jukumu hilo kwa sarufi zaidi kuliko kwa sauti: kusisitiza kwamba ni Juma na si mwingine, kuna "Juma ndiye aliyekuja". Kiingereza hakina "ndiye", mara nyingi hupandisha sauti. Mwalimu anayeyajua haya ana somo la miezi michache. Mwalimu asiyeyajua humfukuzisha mwanafunzi kivuli cha lafudhi ya mwingine kwa maisha yake yote, na huitoza kazi hiyo ada.

Ada hiyo imenona. Zipo kozi za kupunguza lafudhi, na tangu miaka ya mwanzo ya 2020 zimeuzwa programu za kompyuta zinazoibadilisha sauti ya mfanyakazi wa kituo cha simu papo hapo, ili mteja wa Marekani asikie lafudhi iliyo karibu na yake. Wauzaji husema humlinda mfanyakazi dhidi ya matusi ya wateja. Yaani mtukanaji ameachwa alivyo, na aliyetukanwa amefunikwa uso wa sauti. Hakuna atakayejisifu kwamba ameondoa ubaguzi wa rangi kwa kuwapaka watu chokaa. Katika lafudhi, jambo la namna hiyo linaitwa ubunifu.

Hata hivyo, Waswahili wa ughaibuni hawawezi kuishia kumnyooshea kidole Mwingereza, kwa kuwa nyani haoni kundule. Katika harusi za Leicester na mikutano ya jumuiya za Minneapolis, hakuna kinachochekesha upesi kuliko Kiingereza cha mwenzao aliyefika mwaka jana. Anayemcheka ni yule aliyechekwa miaka kumi iliyopita, naye anaonyesha kwamba amekwisha kuhitimu. Na Kiswahili chenyewe hakikusalimika. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kuusimamia. Uamuzi huo ulikuwa na faida zake za kiutawala na kielimu, lakini ulizaa pia sikio lenye kiburi, linalosikia Kiswahili cha Kisumu, Bujumbura au Lubumbashi na kukiita kibovu.

Matokeo yake yanaonekana leo mbali na pwani. Wakimbizi wa Kongo walikuwa miongoni mwa makundi makubwa yaliyopokelewa Marekani kuanzia miaka ya 2010, na hospitali huwatafutia mkalimani "wa Kiswahili". Mkalimani aliyelelewa kwa sanifu anapokutana na msemaji wa Lubumbashi, ambaye "iko" yake hufanya kazi ya "yuko", "kiko" na "ipo", na ambaye maneno yake ya hospitali yametoka katika Kifaransa, anaweza kuandika kwamba mgonjwa haeleweki. Neno lile lile, safari hii kutoka kinywani mwa mtu ambaye asubuhi hiyo hiyo pengine ameambiwa hivyo na msimamizi wake. Asiyekubali kulipa deni la sikio lake katika Kiswahili hana uso wa kulidai katika Kiingereza.

Deni lenyewe si kubwa. Constance Clarke na Merrill Garrett walionyesha mwaka 2004 kwamba msikilizaji wa Kiingereza huanza kuizoea lafudhi ya kigeni katika muda wa dakika moja hivi. Bradlow na Bent wakaonyesha mwaka 2008 kwamba aliyesikilizishwa wasemaji kadhaa wa lafudhi moja humwelewa vyema zaidi hata msemaji mpya wa lafudhi hiyo. Sikio hufundishika, na hufundishika haraka kuliko ulimi wa mtu mzima. Kama nia ni kuelewana kwa gharama ndogo, hesabu yenyewe inaonyesha pa kuanzia.

Mtahiniwa wa IELTS hupimwa kwa sauti za Waingereza, Waaustralia, watu wa New Zealand na wa Amerika ya Kaskazini, kwa sababu atakutana nao. Hoja hiyo ni sahihi, basi na itumike pande zote. Daktari wa Leeds atakutana na muuguzi wa Kerala na mgonjwa wa Mogadishu. Hakimu wa Ohio atakutana na shahidi wa Uvira. Mhadhiri atakutana na wanafunzi wa kila bara, na wanafunzi watakutana na mhadhiri wa kila bara. Watu hao wafundishwe kusikiliza kama sehemu ya kuifundishwa kazi yao, wapimwe, na wanaoshindwa waandikiwe kwamba wameshindwa. Msaili anayetaka kuandika "haeleweki" katika fomu alazimishwe kwanza kujaza jina la asiyeelewa, maneno yasiyoeleweka, na mara ngapi aliomba yarudiwe. Fomu nyingi zitabaki tupu, na kazi nyingi zitapata watu waliozistahili.